Mzee Sudi na Duara la Matundu Manane

Wajukuu zangu wa chuo cha ufundi, siku ile mliponialika kuiona mashine yenu mpya mlinikalisha kwenye kiti chenye mto kama bibi harusi, mkaniletea soda, halafu mkasahau kabisa kwamba nipo. Nilifurahi. Fundi akimsahau mgeni kwa sababu ya kazi, huyo ni fundi.

Nilimtazama Wegesa, yule binti mwenye sauti ndogo, akiiandikia mashine maelezo: kitovu cha duara kiko hapa, nusu kipenyo ni hiki, pembe ya kuanzia ni hii, matundu yawe kadhaa. Akabonyeza. Meza ikasogea, keekee ya kutobolea ikashuka na kupanda, na kabla soda yangu haijaisha lile bamba la chuma lilikuwa na matundu yaliyokaa kwenye duara kama ndugu wanaokula sinia moja, hakuna anayembana mwenzake. Ndipo Wegesa akanigeukia.

"Bibi, nyinyi mlikuwaga mnafanyaje bila hii?"

Nikamjibu, "Kwa bikari, chaki na Mzee Sudi."

Mlicheka wote. Baadaye nikagundua kwamba mlidhani Mzee Sudi ni jina la chombo. Basi ngoja niwaeleze Mzee Sudi alikuwa nani, na kwa nini kila nikiona duara la matundu namkumbuka yeye kabla ya kitu kingine chochote.

Mimi ni mtoto wa Nyamuswa, nyumba ya pamba na ng'ombe. Miaka ile ya Ujamaa ilisemwa kwamba wasichana nao waende vyuo vya ufundi, na mwalimu wetu akaja nyumbani kunitaja jina. Baba yangu akasema, "Aende. Ila arudi na mikono yote miwili." Hiyo ndiyo baraka niliyopewa. Nilipomaliza chuo nikapangiwa karakana moja hapa Musoma, karibu na ziwa, karibu kiasi kwamba harufu ya samaki furu wanaokaangwa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, ilitufikia kila siku tukiwa na njaa. Tulitengeneza vipuri vya mashine za kuchambulia pamba kutoka Bunda, injini za mitumbwi kutoka Murangi, na pampu za maji za vijiji. Vipuri vya nje vilikuwa haba sana. Kikivunjika kitu, ama ukitengeneze wewe, ama watu wasubiri.

Mkuu wa karakana alikuwa Ndugu Maregesi, mtu mrefu mwenye sauti ya kengele ya shule. Alinipeleka mpaka meza ya mwisho, penye mwanga wa mlango, akasema, "Mzee, huyu ndiye Ndugu Nyangeta. Utakuwa naye."

Mzee Sudi alivaa kofia ya kiua iliyofifia na ovaroli lililomzidi. Baba yake alikuja huku na wafanyabiashara kutoka Ujiji, akaoa, akabaki. Kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa laini, si kama hiki chetu cha kukwaruza. Hakunitazama. Alinyoosha mkono, akanishika kiganja na kukipapasa kwa kidole gumba.

"Huu umelima," akasema. "Haya, utafaa."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchora maduara juu ya mabati chakavu. Maduara tu. Nilikuwa na cheti changu, nilitaka kuwasha mashine, na yeye ananipa bikari kama mtoto wa darasani! Nilipolalamika akasema, "Mama, duara halina kona ya kujifichia. Ukikosea mwanzo, kosa linakuzunguka na kukusubiri mwisho."

Maneno hayo niliyaelewa siku aliyonipa flenji yangu ya kwanza. Flenji mnaijua: lile bamba la mviringo lenye matundu ya bolti pembeni, linaloshikanisha bomba na bomba, au bomba na pampu. Ile ilitakiwa matundu saba. Nikachora duara, nikafungua bikari kwa kukisia, nikaanza kuitembeza: hatua, alama, hatua, alama. Nilipofika mwisho, nafasi iliyobaki ilikuwa nyembamba ajabu. Masatu, fundi wa injini za mitumbwi, ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika, akainama kuangalia.

"Ndugu Nyangeta, hili la mwisho ni la kuingiza sindano?"

Karakana nzima ikacheka. Mzee Sudi hakucheka. Akapitisha ukucha juu ya alama zangu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayesoma.

"Umekosea unywele mmoja tu," akasema. "Lakini umeurudia unywele ule ule kila hatua, sasa umesuka mkia wa ng'ombe. Futa."

Halafu akanifundisha, na hili ninawapa ninyi kama nilivyopewa. Matundu sita hayana taabu: bikari iliyochora duara, usiibadilishe hata kidogo, itembeze na itafika sita barabara, hiyo ni zawadi ya Mungu kwa mafundi. Manne na manane unayapata kwa msalaba na kuugawa nusu kwa nusu. Yale yasiyogawanyika vizuri, kama saba au tano, unatafuta kwenye jedwali la pembe, unazidisha na kipenyo, unapata urefu wa hatua moja. Lakini hata ukishaupata, usitembee upande mmoja mpaka mwisho. Toka mwanzo nenda kulia, rudi mwanzo nenda kushoto, mkutane katikati. Kosa likiwepo, litagawana njia na halitamwangukia mmoja. Na kabla ya kupiga senta panchi, yaani kile kishimo kidogo ambacho keekee itang'ata, rudia kupima kwenye chaki. "Senta panchi," alisema Mzee, "ni kama kusema 'nimekubali' mbele ya mashahidi. Ukishapiga, umeoa."

Mashine yenu haina ugonjwa wa kutembea. Hailiulizi tundu lililotangulia. Kwa kila tundu inakiuliza kitovu. Ndiyo sababu haikusanyi makosa kama nilivyokusanya mimi. Ila nani anaiambia kitovu kiko wapi? Ni wewe. Ukiidanganya, itakutobolea makosa mazuri sana, yenye nafasi sawa.

Nakumbuka miaka mingi baadaye, karibu nistaafu, nikiwa kiwanda kingine, ndipo tulipoletewa mashine ya kwanza ya kuandikiwa namna hii. Kijana aliyeisomea alikuwa na haraka. Nikamwomba atoe keekee, afunge kalamu mahali pake, na juu ya bamba abandike karatasi. Alicheka, lakini alinipa heshima yangu akafanya. Kalamu ikaweka nukta zake vizuri, duara safi, ila duara lote limegeuka. Sisi tulidhani pembe inaanza kuhesabiwa juu, kama saa inavyoanza kwenye kumi na mbili. Mashine ilianza kuhesabu kulia, kwenye tatu. Tuliharibu karatasi, chuma kikapona. Tangu siku hiyo yule kijana alikuwaga na kalamu mfukoni kila siku. Ninyi pia iwekeni.

Lakini narudi kwa Mzee Sudi.

Nilikuwa naye miezi kadhaa nikaanza kuona mambo. Bamba lolote alilipeleka mlangoni na kuligeuzageuza kwenye mwanga. Alama alizisoma kwa ukucha. Nilidhani ni ustadi tu, nikawa nami najifunza kusoma kwa ukucha. Siku moja akamimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina huku akinisimulia habari, mpaka ikamfikia mapajani. Akaruka. Masatu akasema mzee ana mapenzi mapya. Tukacheka na Mzee akacheka nasi, lakini mikono yake ilikuwa inatafuta kikombe mezani na haikukiona.

Jumapili moja mke wake, Bi Zena, alinialika chakula. Alikuwa mama mnene mchangamfu aliyeuza vitumbua mtaani kwao, na kwa sababu hawakujaliwa watoto, kila aliyekanyaga mlango wake alilishwa mpaka apumue kwa shida. Tulikula wali na samaki ningu wa nazi. Nilimwona Mzee akiutafuta mfupa wa samaki kwa ncha za vidole, na Bi Zena akimsogezea chumvi bila kuombwa, kimya kimya, kama vile mkono wake mwingine. Tulipokwenda jikoni kuosha vyombo, akafunga mlango.

"Mwanangu, mzee wako haoni."

"Haoni vipi, mama?"

"Ana ukungu. Macho yote mawili, na unazidi. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, anatolewa kwa kisu kule Mwanza. Hataki kusikia. Kaka yake kule Ujiji alichomwa sindano ya jicho na mganga, akatoka kipofu kabisa na uchungu juu. Mzee alikuwa mdogo, ndiye aliyemshika mkono kaka yake kumrudisha nyumbani." Akalikamua dodoki la kusugulia sufuria mpaka maji yakaisha. "Anasema, haka kaukungu nakajua, hicho kisu sikijui."

Nikamuuliza kwa nini asikae tu nyumbani apumzike.

"Apumzike afanye nini? Mikono yake ikae juu ya magoti siku nzima? Atakufa, Nyangeta." Akanishika bega. "Simama karibu naye kwenye zile mashine. Sikuombi kingine."

Nikasimama karibu naye. Kuanzia siku hiyo mimi ndiye niliyesoma vipimo kwa sauti, kana kwamba ninajifunza kusoma. Mimi ndiye niliyeweka zana mezani mpangilio ule ule kila asubuhi: nyundo kulia, bikari katikati, brashi kushoto. Yeye hakusema kitu, nami sikusema kitu. Ila mara moja, tukiwa tunanawa mikono, aliniambia, "Tangu ulipofika nakuona kama mtu aliyesimama nyuma ya moshi. Sauti yako lakini iko mbele." Akakausha mikono yake akaondoka.

Halafu ikaja pampu ya Nyamuswa.

Ndugu Maregesi aliingia na gunia, akalimwaga mezani. Vipande vya flenji ya chuma cha kuyeyushwa, imepasuka. Vipande vingine vilikuwa vimezama kisimani. Ilikuwa ya pampu ya mkono ya kijiji chetu, ya kisima kilichochimbwa tulipohamia pamoja kwenye kijiji cha Ujamaa. Dereva aliyevileta alikuwa mtu wa kwetu.

"Mama yako anakusalimu," akaniambia. "Wamerudi mtoni kufukua mchanga. Maji yenyewe wanagawana na ng'ombe. Watoto wameanza kuharisha."

Mama yangu hakuwa mtu wa kutuma salamu. Nilijua maana yake.

Mzee Sudi alisikia kila neno. Akasogea, akaweka viganja vyote viwili juu ya vipande. "Vipange, mama. Niambie unachokiona, nami nitakuambia ninachokigusa."

Tulivipanga. Vilikuwa kama nusu na kidogo ya duara. Ili kupata kitovu cha duara lililovunjika, wajukuu zangu, huhitaji duara zima: chora mstari kutoka nukta moja ya ukingo hadi nyingine, ugawe nusu, simamisha mstari wima hapo katikati, fanya hivyo mahali pengine, pale mistari miwili inapokutana ndipo kitovu. Nilifanya hivyo juu ya ubao. Tukapata nusu kipenyo. Tukapima nafasi kati ya matundu yaliyobaki, ikaonekana flenji nzima ilikuwa na matundu manane. Manane! Msalaba, nusu kwa nusu, kazi ya kabla ya chai. Nilikuwa nimeshika chaki tayari.

"Ngoja," akasema Mzee. Alikuwa ametia bolti kwenye matundu ya vipande, anapapasa nafasi kati ya bolti na bolti. "Fungua bikari kwenye pengo hili. Sasa ipeleke pengo la pili. Na la tatu."

"Inaingia. Inaingia. Hapa inakwaruza kidogo, baba. Tundu limechakaa."

"Gusa mdomo wake."

Nikaingiza kidole. Mdomo wa tundu ulikuwa mkali, mviringo kamili.

"Tundu lililochakaa huwa na mdomo wa yai," akasema. "Hili limetobolewa hivyo kwa kusudi. Aliyeitengeneza pampu hakutaka ifungwe kombo. Akalisogeza tundu moja kidogo, ili pampu ikubali kukaa upande mmoja tu. Fundi huyo alikuwa mwerevu, Mungu ampe afya."

Tungetoboa manane sawasawa, tungefika Nyamuswa na bamba zuri lisilofunga.

Nikachora, nikarudia, nikapiga senta panchi zote. Zamu ya kutoboa Mzee akasimama yeye kwenye mashine, kama kawaida yake. Kutoboa alikupenda kuliko kula. Nilisimama ubavuni kwake. Tundu la kwanza, la pili, safi. Kwenye la tatu nyuzi za chuma zilijikunja zikajaa juu ya bamba. Sijui nani aliihamisha brashi. Mzee akanyoosha mkono kushoto kuitafuta, hakuipata, akaurudisha mkono akipapasa, na mkono ule ukaenda moja kwa moja kwenye keekee inayozunguka.

Nilipiga swichi. Sikumbuki kufikiri. Mashine ikalia ikasimama, na ilipotulia, mkono wa ovaroli lake ulikuwa umeshajisokota kwenye keekee na kuchanika hadi kiwiko. Ngozi ilikuwa salama.

Mafundi wote wakaacha mashine zao. Hata Masatu.

"Nani amezima?" akauliza Mzee.

"Mimi, baba."

"Kwa nini?"

Akapapasa nguo yake, akaifuata mpaka ilipojisokota, akaigusa ile keekee ya moto. Akakaa hivyo. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu:

"Sikuiona. Mimi sioni, jamaa zangu. Sioni tangu kitambo."

Hakuna aliyejua pa kutazama. Yeye akavua kofia, akaivaa tena.

"Masatu, nipe mkono. Nipeleke kwa Ndugu Maregesi nikaseme mwenyewe, nisisemewe."

Masatu, yule mwenye mdomo, alimshika mkono kama unavyomshika mgonjwa kwenye ngazi, na machozi yalikuwa yanamtoka bila aibu. Mimi nilibaki nikiisokotoa ile nguo kutoka kwenye mashine.

Waliporudi, Ndugu Maregesi alikuwa amebeba kiti cha ofisini kwake, yeye mwenyewe, akakiweka kando ya mashine. Ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia akizungumza taratibu.

"Mzee atakaa hapa. Ndugu Nyangeta atatoboa. Ukisikia sauti ya chuma imebadilika, Mzee, unamwambia."

Nikatoboa matundu yaliyobaki huku Mzee ameinamisha kichwa anasikiliza. "Punguza. Tia mafuta. Sasa linalia vizuri, endelea." Nilitoboa nikijua ni maji ya mama yangu, na nikijua ni nani aliyekaa kwenye kile kiti, na sijui lipi lilikuwa zito zaidi.

Tulikwenda na lori. Mzee alikataa kubaki. Tulishusha gia za mashine ya pamba Bunda, tukanywa chai Manyamanyama, tukaingia njia ya Nyamuswa, vumbi tupu. Kisimani kulikuwa na watu wengi kuliko nilivyotarajia, wanawake na ndoo zao, na mbele yao mama yangu, mfupi, kimya, amefunga kanga kiunoni. Hakunikumbatia. Aliangalia mikono yangu yote miwili, akaridhika.

Nikaliweka bamba. Bolti saba zikaingia kama zimealikwa. Ya nane ikakataa. Nikazungusha bamba tundu moja, nikajaribu. Ikakataa. Nikazungusha tena na tena, nikalimaliza duara lote, na kila mahali bolti moja au mbili zilikataa. Nyuma yangu nilisikia ndoo moja ikiwekwa chini, halafu nyingine. Yule ni binti yetu, nilijua wanawaza, tulimsomesha.

"Baba," nikasema, "nimekosea."

Mzee Sudi alikuwa amechuchumaa, kiganja juu ya bamba. "Umelizungusha," akasema. "Tulia. Niambie: vile vipande mezani tulivilaza kifudifudi au chali?"

Nikafumba macho. Nikaiona meza. "Kifudifudi. Uso ulikuwa na kutu, tukaulaza chini."

"Na wewe ukachora ulichokiona kwa mgongo."

"Ee, baba."

"Basi pindua."

Nikalipindua kama chapati. Bolti ya nane ikashuka kwa uzito wake wenyewe, ikalia *tik*. Mambo haya hata mashine yenu inayajua, wajukuu: duara lenye tundu moja lililosogea lina uso na mgongo. Andikeni juu ya chuma, upande gani ni upi.

Tulifunga nati. Mama yangu ndiye aliyeshika mpini wa pampu. Ilikohoa, ikatema kutu, ikakohoa tena, na maji yakaja. Sitaki kueleza vile vigelegele. Aliyewahi kuchota maji mchangani anavijua, na mwingine hatavijua hata nikieleza.

Mama hakupiga kigelegele. Alijaza kata, akaenda kwa Mzee Sudi aliyekuwa amesimama kando, akamshika mikono yenye grisi, akaiosha. Kisha akaloweka ncha ya kanga akampangusa vumbi usoni, na alipofika machoni akasimama. Alikuwa hajui Kiswahili zaidi ya salamu. Akaniambia kwa lugha yetu, "Muulize anaona nini mbele yake."

Nikamuuliza. Mzee akatabasamu. "Mwambie naona mama mmoja mrefu, na jua nyuma yake."

Nilipotafsiri, wanawake wakacheka mpaka wakashikana. Mama yangu alikuwa mfupi kuliko wote pale. Kilichokuwa kirefu ni pampu.

Mama hakucheka. "Mwambie hivi. Nilipomtoa huyu mtoto niliambiwa huko mjini yuko baba atakayemwangalia. Atamwangaliaje bila macho?"

Nilitafsiri.

"Mwambie naogopa kisu," akasema Mzee, polepole.

"Mwambie mimi niliogopa kumtoa binti," akasema mama. "Nimemtoa. Leo tuna maji."

Mzee alisimama na uso wake uliolowa, na mama akaendelea kumpangusa kama vile hawajasemezana. Njiani tukirudi alikaa mbele na dereva, tukaenda mpaka tulipoliona ziwa, yaani sisi tulipoliona. Ndipo akauliza, "Meli ya Mwanza inaondoka lini?"

Walikwenda yeye na Bi Zena. Sisi karakana tulibaki tukifanya kazi bila raha. Masatu alikuwa akiipangusa ile meza ya Mzee kila asubuhi, nyundo kulia, bikari katikati, brashi kushoto, na aliyethubutu kuigusa brashi alikiona. Habari ilitufikia kwamba wamefungua jicho moja kwanza. Nzuri au mbaya, hakuna aliyejua.

Siku waliyorudi niliomba ruhusa, nikaenda gatini. Sikuvaa ovaroli, nilivaa gauni langu la kanisani na kitambaa kichwani. Watu walishuka na mizigo yao, kuku, mikungu ya ndizi. Nikawaona. Bi Zena mbele na kikapu, na nyuma yake Mzee Sudi, peke yake, hajashikwa mkono, amevaa miwani mizito kama vitako vya chupa, jicho moja limefunikwa kwa pamba. Alikuwa anatembea akiangalia kila kitu: kamba, maji, miguu ya watu. Alisimama akamwangalia ndege juu ya nguzo mpaka watu waliokuwa nyuma yake wakamsukuma.

Nikajipenyeza kati ya watu kuwafuata. Bi Zena akaniona. Akafungua mdomo, halafu akafikiri jambo, akaweka kidole midomoni na kuendelea kutembea.

Mzee akanifikia. Akanitazama usoni kama alivyowatazama wengine, kwa furaha tu, akanipita. Alikuwa hajawahi kuniona.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Alisimama palepale. Akageuka taratibu, akanitafuta katikati ya watu, macho yakapita juu yangu, yakarudi. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanzu, akaivaa tena, akanisogelea mpaka karibu kabisa, akanishika uso kwa mikono yake miwili.

"Marahaba," akasema. "Nyangeta. Mbona hukuniambia kwamba u mdogo hivi?"